Saini Isiyofutika

Katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma palikuwa na maeneo yaliyojulikana kwa jina la Belbase. Asili yake ni mapatano ya mwaka 1921 baina ya Uingereza na Ubelgiji. Uingereza ilikuwa imekabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Ubelgiji ilikuwa ikitawala Kongo na Ruanda-Urundi, nchi zisizo na njia nyepesi ya kufikia Bahari ya Hindi. Basi Mwingereza akampa Mbelgiji sehemu za bandari hizo mbili ili apitishie mizigo yake. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa kupanga ulikuwa milele.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, alilizungumzia jambo hili Bungeni. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Uingereza ilikuwa mlezi tu wa nchi ile, na mlezi hana mamlaka ya kumfunga mwenye mali kwa muda usio na mwisho. Kwa hiyo Tanganyika huru haikuyatambua mapatano ya Belbase. Na kuhusu mikataba mingine ambayo Uingereza iliitia saini kwa niaba ya Tanganyika, Mwalimu aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba nchi itaendelea kuifuata ile ya pande mbili kwa miaka miwili tu tangu siku ya Uhuru. Katika miaka hiyo kila mkataba ungeangaliwa upya. Utakaokubaliwa ungeendelea, na usiokubaliwa, isipokuwa kama unashikiliwa na kanuni za jumla za sheria ya mataifa, ungehesabiwa kuwa umekufa. Wanasheria duniani huuita msimamo huo kwa jina la Nyerere mpaka leo.

Nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi, na kila nilipofika mahali hapa niliona wanafunzi wakipita haraka haraka kwenda kwenye mambo ya bendera na mwenge. Hapakuwa na damu wala mbio za usiku, bali barua tu. Lakini mimi naona kwamba katika barua ile kuna jambo ambalo baadaye tulilipoteza, na tukalipa fedha nyingi kwa sababu ya kulipoteza. Siku hizi, pale Vienna na New York, wajumbe wa mataifa wanazungumza namna ya kurekebisha utaratibu wa kusuluhisha migogoro baina ya wawekezaji wa kigeni na serikali. Nataka msomaji aufuate nami mnyororo huu, kutoka Belbase hadi mazungumzo hayo, aone mwenyewe ni wapi panapohitaji kurekebishwa.

Zamani mgogoro wa namna hii ulisuluhishwa kwa mizinga. Mwezi Desemba 1902 manowari za Ujerumani, Uingereza na Italia ziliizingira pwani ya Venezuela, kwa sababu nchi hiyo haikulipa madeni na fidia zilizodaiwa na raia wa mataifa hayo. Mwajentina mmoja, Luis María Drago, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake, alipinga kwamba si halali kudai deni la serikali kwa bunduki. Kabla yake Mwajentina mwenzake, Carlos Calvo, alikwisha kuandika kwamba mgeni anayefanya biashara katika nchi ya watu apate haki ile ile anayopata mwenyeji, katika mahakama zile zile, si zaidi. Nchi za Amerika ya Kusini zilishika fundisho hilo kwa vizazi.

Wazungu nao walikuwa na maumivu yao. Wajerumani walipoteza mali zao za ng'ambo katika vita vyote viwili vya dunia. Hapa kwetu mashamba na majumba yao yalitwaliwa na Waingereza kama mali ya adui na kuuzwa. Haishangazi basi kwamba ni Ujerumani ya Magharibi iliyofungua ukurasa mpya. Mwaka 1959 ilitiliana saini na Pakistan mkataba wa kulindiana vitega uchumi, wa kwanza wa aina yake. Mwezi Januari 1965 ilitia saini mkataba kama huo na Tanzania. Lakini mikataba ya Ujerumani ya miaka ile haikumpa mwekezaji ruhusa ya kuishitaki serikali yeye mwenyewe. Ukitokea ubishi, serikali zilikabiliana zenyewe.

Mlango huo ulifunguliwa na Benki ya Dunia. Mwanasheria wake mkuu, Aron Broches, alizunguka na rasimu ya mkataba wa kimataifa wa kuunda kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Mkutano wa kwanza wa wataalamu wa kuijadili ulifanyika Addis Ababa mwezi Desemba 1963, mwezi ule ule ambao miaka miwili ya Mwalimu ilikuwa inakwisha. Mwaka 1964, katika mkutano wa Benki huko Tokyo, nchi za Amerika ya Kusini zilipiga kura ya kuikataa rasimu hiyo kwa pamoja, na Iraq na Ufilipino zikaziunga mkono. Hata hivyo rasimu ilipita. Mkataba ulifunguliwa kwa saini mwaka 1965, ukaanza kutumika Oktoba 1966 baada ya nchi 20 kuuridhia. Nyingi kati ya hizo 20 zilikuwa za Afrika. Nigeria ndiyo iliyotangulia kuuridhia, na Kenya na Uganda zote zilijiunga katika miaka hiyo ya 1960. Kituo chenyewe, kinachofahamika kwa kifupi kama ICSID, kiko Washington, chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia.

Tanzania ilikaa nje. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, benki zote zilitaifishwa, kisha vinu vya unga, kampuni za bima na nyumba kubwa za biashara ya nje. Serikali iliahidi fidia, na hesabu za fidia zikafanywa kwa mazungumzo na wenye mali. Sisemi kwamba mazungumzo hayo yalimridhisha kila mtu. Nasema tu kwamba hapakuwa na baraza la ng'ambo lililoweza kuita serikali ikajibu.

Baadaye njaa ya fedha za kigeni ilitubana. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei ya katani na viwanda vilivyokosa vipuri vilituleta kwenye meza ya wakopeshaji. Mwaka 1992 Tanzania ilijiunga na mkataba ule wa Washington ambao iliuacha kwa zaidi ya robo karne. Januari 1994 ilitia saini na Uingereza mkataba wa kulindiana vitega uchumi, ukaanza kutumika mwaka 1996. Ikafuata na nchi nyingine, Uholanzi mwaka 2001 na Kanada mwaka 2013. Zilikuwa siku za kupokea wageni wa uwekezaji kwa ngoma, na mtu aliyeuliza maswali alionekana amechelewa kuamka. Katika mikataba hiyo serikali iliahidi mambo kadhaa: haitatwaa mali ya mwekezaji bila fidia, itamtendea kwa usawa na haki, na likitokea neno, mwekezaji anaweza kwenda moja kwa moja kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Hapa yafaa tusimame kwenye neno lenyewe. Usuluhishi limetoka katika suluhu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikimfuata babu yangu kwenye baraza la wazee, nambebea kigoda. Wazee wale walikuwa wakiamua kesi za mipaka ya mashamba na mbuzi walioingia kwenye mihogo ya watu. Waliwajua wagombanaji wote wawili na wake zao na madeni yao. Uamuzi ukitoka mbovu, mzee aliyeutoa angekutana nao kisimani kesho yake. Ndiyo maana walichukua muda mrefu, na mara nyingi waliishia na mapatano ya nusu kwa nusu ambayo hayakumfurahisha yeyote lakini yaliruhusu watu wazikane.

Usuluhishi ninaouzungumzia hapa si huo. Kila upande huchagua mwamuzi wake mmoja, na wa tatu, ambaye ndiye mwenyekiti, hupatikana kwa makubaliano au huteuliwa. Watu hawa watatu huweza kutoka nchi yoyote. Hulipwa kwa kazi ya kesi ile, na kesi ikiisha baraza huvunjika. Aliye mwamuzi katika kesi moja huweza kuwa wakili katika nyingine inayofanana nayo. Hakuna rufaa ya kawaida. Ipo njia nyembamba ya kuomba tuzo ibatilishwe, lakini si kwa sababu tu kwamba waamuzi walikosea sheria. Na fedha iliyoamriwa hudaiwa katika kila nchi mwanachama kana kwamba mahakama kuu ya nchi hiyo ndiyo iliyoiamuru. Tena mkataba humpa mwekezaji haki nyingi na wajibu mchache, kwa hiyo yeye ndiye mdai karibu siku zote na serikali ndiyo mdaiwa.

Jambo hili lilitufikia majumbani mwetu kwa njia ya bomba la maji. Wakopeshaji, Benki ya Dunia miongoni mwao, walikubali kutoa fedha za kutengeneza mabomba ya Dar es Salaam kwa sharti kwamba uendeshaji ukabidhiwe kampuni binafsi. Zabuni ilipofikia mwisho alibaki mzabuni mmoja tu, Biwater ya Uingereza ikishirikiana na Gauff ya Ujerumani. Wao na mshirika wa hapa nchini waliunda kampuni ya City Water. Mkataba na DAWASA ulitiwa saini Februari 2003, kazi ikaanza Agosti mwaka huo, kwa muda wa miaka 10. Haikufika miwili. Makusanyo ya ankara yalikuwa pungufu ya yale yaliyotazamiwa, na kuanzia Julai 2004 kampuni iliacha kuilipa DAWASA kodi ya kila mwezi. Ikaomba masharti yabadilishwe, mazungumzo yakavunjika.

Tarehe 13 Mei 2005 waziri aliyehusika na maji, Edward Lowassa, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba mkataba umekwisha. Tarehe 1 Juni maofisa wa serikali walizichukua ofisi za kampuni, na mameneja wake wa kigeni wakatolewa nchini. Mjini watu walishangilia. Mtu aliyezoea kununua maji kwa ndoo kutoka kwenye mkokoteni, kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya bomba, hakuwa na machozi ya kumlilia mwekezaji.

Kampuni ikaenda Washington kwa kushika mkataba wa 1994. Tuzo ilitolewa tarehe 24 Julai 2008, nayo ni moja ya tuzo zinazosomwa sana na wanafunzi wa sheria hii duniani. Waamuzi walisema Tanzania ilivunja mkataba. Tangazo lile la Mei mbele ya waandishi, kuziteka ofisi na kuwafukuza mameneja vilikuwa ni makosa, kwa sababu ulikuwapo utaratibu wa kuufikisha mkataba mwisho wake na serikali haikuusubiri. Lakini walisema pia kwamba siku ile ya Juni kampuni haikuwa tena na thamani, kwani ilikwisha kuharibikiwa kwa mikono yake yenyewe. Kwa hiyo haikupewa fidia hata senti moja, na kila upande ukabeba gharama zake.

Wengi walisoma tuzo ile kama ushindi. Mimi najifunza mambo mawili. La kwanza, nchi yenye haki ya kuvunja mkataba mbovu inaweza kuichafua haki hiyo kwa pupa ya siku chache. La pili ni la waliokuwa nje ya mlango. Asasi tano ziliomba kusikilizwa, tatu kati yake za hapa nchini: ile ya wanasheria watetezi wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mtandao wa Jinsia Tanzania. Baraza liliziruhusu kuleta maandishi, na jambo hilo lilikuwa hatua kubwa kwa siku zile. Lakini hazikuruhusiwa kuingia kesi ilipokuwa inasikilizwa, wala kuona nyaraka ambazo pande mbili ziliwasilisha. Zilitakiwa kusema juu ya jambo lisiloonyeshwa. Mnywaji wa maji yenyewe, ambaye kwa ajili yake kila upande ulidai unafanya kazi, hakuwa na kiti.

Sitaki msomaji adhani kwamba hofu ya wawekezaji ni uzushi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, wakaacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba ya miwa. Mahakama ipi ingewasaidia? Mwezi Septemba wa mwaka huo huo Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa mle mle katika jengo la Mahakama Kuu, akauawa. Mtu aliyeona hayo hawezi kumlaumu mfanyabiashara anayetaka mwamuzi asiyeweza kuburuzwa na askari wa mtawala.

Wala si kweli kwamba mabaraza haya huihukumu serikali siku zote. Mwaka 2006 kampuni ya World Duty Free, iliyokuwa na maduka katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa, ilishindwa na Kenya baada ya kudhihirika kwamba mkataba wake wa 1989 ulipatikana kwa kumpa Rais Moi dola milioni 2. Mwaka 2018 kampuni ya Cortec ilishindwa pia, katika kesi ya madini ya kilima cha Mrima huko Kwale. Waamuzi waliona kwamba leseni haikupatikana kwa njia halali, kwani sheria za mazingira za Kenya hazikutimizwa.

Kwa hiyo si hoja yangu kwamba mabaraza ni ya wezi. Hoja yangu inahusu saini, na ushahidi wake mkubwa ni mambo ya mwaka 2017.

Mwaka huo Bunge letu lilipitisha sheria mbili juu ya utajiri na maliasili za nchi. Moja inasema kwamba migogoro ya maliasili isipelekwe kwenye mahakama au mabaraza ya nje, bali iamuliwe na vyombo vilivyoundwa hapa nchini kwa sheria zetu. Nyingine inaliruhusu Bunge kuipitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti ya kinyonyaji yajadiliwe upya. Watu wengi walifurahi, nami nilikuwa miongoni mwao. Sheria ya madini nayo ilibadilishwa, na kanuni za Januari 2018 zikazifuta leseni za kuhodhi maeneo ambayo kampuni zilikuwa zimeyashika bila kuanza kuchimba.

Kampuni tatu hazikukubali. Indiana Resources, yenye asili ya Australia, ilikuwa na eneo la nikeli katika kilima cha Ntaka huko Nachingwea. Winshear ya Kanada ilikuwa na eneo la dhahabu kusini magharibi mwa nchi. Montero, nayo ya Kanada, ilikuwa na eneo la madini adimu katika kilima cha Wigu, mkoani Morogoro. Hawakwenda mahakama ya Dar es Salaam kama sheria mpya ilivyotaka. Zile za Kanada zilishika mkataba wa 2013. Indiana, kwa kuwa ilikuwa na kampuni zake zilizoandikishwa Uingereza, ilishika ule ule wa 1994 ulioleta kesi ya maji.

Winshear ililipwa dola milioni 30 kwa mapatano mwaka 2023. Indiana ilishinda Julai 2023 kwa tuzo ya dola milioni 109.5, na mwaka 2024 wakapatana kwa milioni 90. Montero ilipatana nasi mwishoni mwa 2024 kwa milioni 27. Ukijumlisha mapatano hayo matatu unapata dola milioni 147, kwa maeneo ambayo hayakuwa yametoa tani moja ya mauzo.

Kwa nini sheria ya Bunge haikutukinga? Kwa sababu ahadi iliyo katika mkataba wa mataifa mawili haifutwi na mmoja wao kwa kutunga sheria nyumbani kwake. Ukimwahidi jirani mbele ya mashahidi, huwezi kesho kubandika tangazo ndani ya nyumba yako kwamba ahadi imekwisha. Lazima utoke, uende kwake, umwambie. Sisi tulibandika tangazo ndani.

Na hata kutoka kwenda kwa jirani kuna masharti yake. Tanzania iliiarifu Uholanzi kwamba haitaki kuendelea na mkataba wao, ukakoma Aprili 2019. Lakini ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba mitaji iliyokwisha kuingizwa itaendelea kulindwa kwa miaka 15 zaidi, yaani mpaka 2034. Mkataba umekufa lakini bado unadai.

Katika kufundisha nilizoea kuwasimulia wanafunzi habari za Mangungo wa Msovero, aliyetia alama yake kwenye karatasi ya Carl Peters mwishoni mwa 1884. Kila jambo la mikataba likiharibika magazeti yetu humfufua Mangungo. Mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akaniuliza: "Mwalimu, Mangungo alidanganywa kwa lugha asiyoijua. Je, hawa wa miaka ya 1990 hawakujua Kiingereza?" Darasa lilicheka. Nilimjibu kwamba walikijua, tena vizuri. Tofauti ndiyo hiyo, na ndiyo inayonifanya niache kumtumia Mangungo katika somo hili. Walioweka saini hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa nchi maskini, wakitaka kuonekana wanaaminika, na kifungu cha usuluhishi kilikuwa mwishoni mwa karatasi, baada ya maneno mazuri ya urafiki. Gharama yake haikuonekana mpaka kesi ya kwanza.

Sasa tutazame marekebisho yanayozungumzwa. Mwaka 2017 tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ilikipa moja ya vikundi vyake kazi ya kuutazama upya utaratibu huu wote. Umoja wa Ulaya unataka mahakama ya kudumu yenye majaji wa mshahara na ngazi ya rufaa. Wengine wanataka utaratibu ubaki lakini usafishwe. Kanuni za maadili za waamuzi zilipitishwa Julai 2023, na zinaweka mipaka juu ya mtu kuwa mwamuzi hapa na wakili kule. Mwaka 2024 ilikubaliwa kimsingi katiba ya kituo cha kuzishauri nchi maskini zinaposhitakiwa. Kabla ya hapo, mkataba wa kuzifanya kesi hizi ziwe wazi, uliofunguliwa kwa saini Port Louis, Mauritius, mwaka 2015, ulianza kutumika 2017.

Wako pia walioamua kwa njia yao. Afrika ya Kusini, baada ya kushitakiwa na Wataliani wenye machimbo ya mawe kwa sababu ya sheria za kuwainua Waafrika waliobaguliwa, iliacha mikataba yake kadhaa ya Ulaya na kutunga sheria yake mwaka 2015. Bolivia ilijiondoa ICSID mwaka 2007. Ecuador nayo ilijiondoa, kisha ikarudi mwaka 2021. Viongozi wa Afrika, katika itifaki ya uwekezaji ya eneo huru la biashara waliyoipitisha Februari 2023, walikubaliana kwamba mikataba ya pande mbili baina ya nchi za Afrika zenyewe ifikishwe mwisho ndani ya miaka mitano baada ya itifaki kuanza kutumika. Juu ya namna ya kusuluhisha migogoro walishindwa kukubaliana siku ile, wakaiachia nyongeza ya baadaye.

Yote haya ni mema, na waamuzi waadilifu ni bora kuliko wasio waadilifu. Lakini mengi yanahusu chumba cha kesi: nani akae, nani aone nyaraka, nani akate rufaa. Mwamuzi mwadilifu kuliko wote, akipewa mkataba wa 1994 na kanuni za 2018, angeweza kutoa hukumu ile ile. Hukumu imelala ndani ya karatasi, na karatasi hiyo tuliitia saini wenyewe.

Basi marekebisho yaanze tunapotia saini, na hapo hatuhitaji kibali cha mtu wa Vienna. Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo ya mwisho ni mlango mpana, kwani mkataba usiojitamka kwamba unahitaji kuridhiwa unaweza kupita pembeni. Ningependa kila mkataba unaompa mgeni haki ya kuishitaki nchi ufike Bungeni, kwa Kiswahili, pamoja na karatasi inayosema wazi: tukishindwa, fedha itatoka fungu gani? Ningependa uwe na muda wa kukoma, na mkia mfupi baada ya kukoma. Ningependa mwekezaji apite kwanza mahakama zetu, na sisi tuzifanye mahakama hizo ziwe mahali ambapo mgeni na mwenyeji wote hawaogopi kwenda. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hakuna mkataba utakaotufanyia.

Barua ya 1961 ilisema miaka miwili. Ilikuwa nchi changa, yenye wanasheria wachache mno, lakini iliona kwamba kila ahadi iliyotolewa kwa jina la watu irudi mbele ya watu ikaangaliwe kwa tarehe inayojulikana. Mkataba wa Uingereza umepita umri wa miaka 30 tangu utiwe saini. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni wazazi, wanalipa kodi, na sehemu ya kodi yao imekwenda kulipa tuzo ya Ntaka. Hawakuulizwa mwaka 1994, na isingewezekana waulizwe. Wanaweza kuulizwa sasa.